Vyeti ukutani, vikao vilevile: namna ya kupanga mwaka wa mafunzo kwa wanasihi wa uraibu

Swali: Ninasimamia kituo cha tiba ya uraibu chenye wanasihi saba. Watatu wamepitia uraibu wenyewe na kupata nafuu, wawili wana diploma ya ustawi wa jamii, mmoja ni muuguzi na mmoja amejifunzia kazini. Tumepata fedha za mafunzo ya mwaka mmoja. Wenzangu wanataka tuwapeleke wote kwenye semina mbili au tatu kubwa zenye vyeti. Nianze na nini, muda niugawe vipi, na mwisho wa mwaka nitajuaje kama mafunzo yamezaa kitu?

Jibu: Semina zenye vyeti si kitu kibaya, na huko mbele nitakueleza za kuchagua. Lakini fedha zote zikiishia huko, mwisho wa mwaka utakuwa na vyeti ukutani na vikao vilevile vyumbani. Jambo hili limepimwa. Mwaka 2001 watafiti William Miller na Kathleen Mount walichapisha utafiti mdogo juu ya watu waliohudhuria warsha moja ya mahojiano ya motisha, yaani namna ya kuzungumza na mteja ili sababu za kubadilika azitaje mwenyewe. Washiriki waliripoti kwamba wamebadilika sana. Rekodi za vikao vyao zilionyesha badiliko dogo, na wateja wao waliendelea kuzungumza kama zamani. Mwaka 2004 Miller alirudi na wenzake kwa jaribio kubwa zaidi, la wataalamu 140 wa tiba ya uraibu. Waliopata warsha, kisha wakapewa mrejesho juu ya rekodi zao au wakafundishwa mmoja mmoja kwa simu, walifika mbali kuliko walioishia kwenye warsha tu. Tena, alama ambazo mnasihi alijipa mwenyewe hazikuwa na uhusiano na ubora uliosikika kwenye rekodi yake. Shika hilo, kwa sababu fomu za mwisho wa semina humwuliza mshiriki ajipime mwenyewe.

Sababu si uvivu. Kwenye semina mnasihi anafanya mazoezi na mwenzake anayejua anatakiwa kujibu nini. Kazini anakutana na mtu aliyeletwa na ndugu zake bila kupenda, macho yake yako mlangoni, na hapo ulimi hurudi kwenye mazoea: kuonya, kushawishi, kuhutubia. Mazoea hayo hayaondolewi na slaidi. Huondolewa na mtu anayekusikiliza ukifanya kazi, anakuonyesha mahali ulipokatiza, kisha anakusikiliza tena wiki ijayo.

Kwa hiyo ningeugawa muda hivi: katika kila saa kumi za mafunzo, tatu ziwe za darasani, mbili za mazoezi ya vikundi vidogo, na tano za kusikiliza rekodi na usimamizi wa kitaalamu. Fedha zifuate mgawanyo huohuo. Kama hamna ndani ya kituo mtu anayeweza kusimamia kitaalamu, mlipe wa nje aje mara mbili kwa mwezi. Hiyo ndiyo bidhaa ya thamani kuliko zote utakazonunua mwaka huu.

Wiki mbili za mwanzo: pima kabla ya kufundisha

Mwombe kila mnasihi arekodi kikao kimoja kwa ridhaa ya maandishi ya mteja. Ridhaa iseme rekodi ni ya nini, nani ataisikiliza, itafutwa lini, na kwamba mteja akikataa huduma yake haitapungua kwa lolote. Rekodi isikae kwenye simu ya mnasihi hata usiku mmoja. Sikiliza dakika 20 za katikati na uhesabu mambo mawili: maswali aliyouliza mnasihi, na mara alizomrudishia mteja kile alichokisikia bila kuuliza. Usishangae ukikuta maswali kumi na tano na marejesho mawili.

Kisha chukua mafaili kumi bila kuyachagua. Angalia kama tathmini imekamilika, kama mpango wa tiba unafanana na tathmini, na kama maelezo ya vikao yanafanana na mpango. Mafaili mengi huvunjika kwenye kiungo cha pili: tathmini inasema mteja hana pa kulala na ana huzuni kubwa, mpango unasema “ahudhurie vikundi na aache dawa”.

Ukitaka orodha ya kupimia ujuzi, ipo iliyotengenezwa Marekani na kuboreshwa mwaka 2006, inayojulikana kwa jina la TAP 21. Inaanza na misingi minne ya mtu yeyote anayefanya kazi na waraibu: kuuelewa uraibu, kuzijua tiba, kuoanisha tiba na mteja, na uwajibikaji wa kitaaluma. Juu ya misingi hiyo inaweka maeneo manane ya mnasihi: tathmini, mpango wa tiba, rufaa, uratibu wa huduma, unasihi wenyewe, elimu kwa mteja na familia, utunzaji wa kumbukumbu, na maadili. Jumla ni stadi 123. Usijaribu kuzipima zote. Chagua ishirini zinazogusa kazi yenu ya kila siku, kila mnasihi ajipime, na wewe umpime ukitumia rekodi na mafaili. Alama zenu zikitofautiana, ndipo pa kuanzia mazungumzo.

Mwezi wa kwanza: yale yanayoua

Mwezi huu usifundishe unasihi. Fundisha yanayoweza kumwondoa mteja duniani wiki hii, na ufundishe wote, hata mpishi na mlinzi.

La kwanza ni arosto ya pombe, yaani mateso ya mwili unapokosa kilevi ulichokizoea. Watu wengi huiogopa ya heroini kwa sababu inaonekana kwa macho: kuhara, kutapika, kulia, kujikunja. Mtu mzima mwenye afya ya wastani akipewa maji na uangalizi, arosto ya heroini peke yake huwa haimuui. Ya pombe inaweza kumuua. Dalili huanza ndani ya saa 6 hadi 24 tangu kinywaji cha mwisho. Degedege huja mara nyingi ndani ya saa 48 za mwanzo. Kuweweseka kukali, pamoja na homa, mapigo ya kasi na kuona vitu visivyokuwapo, huja kati ya saa 48 na 96. Maana yake ni kwamba mteja anayeonekana mzima siku ya kwanza anaweza kuwa hatarini siku ya tatu, pale ambapo mnasihi ameshapumua na kumpeleka kwenye kikundi. Vidonge vya usingizi na wasiwasi vya jamii ya benzodiazepini vina hatari hiyohiyo, na kwa baadhi yake degedege hukawia siku kadhaa. Havikatishwi ghafla, hupunguzwa polepole na daktari.

Mnasihi afundishwe maswali manne ya kuuliza mapokezi bila kukosa: umekunywa lini mara ya mwisho, unakunywa kiasi gani kwa siku, umewahi kupata degedege au kuweweseka ulipoacha, na unatumia vidonge gani vingine. Jibu la “ndiyo” kwa swali la tatu ni rufaa ya siku hiyohiyo kwa daktari, hata kama mteja anacheka. Muuguzi wenu ajifunze CIWA-Ar, kipimo cha ukali wa arosto ya pombe chenye vipengele kumi na alama za juu 67. Wanasihi wengine wajue tu kwamba kipo na alama ikipanda nani apigiwe simu.

La pili ni dozi kubwa kupita kiasi baada ya kuacha. Mtu aliyekaa wiki tatu bila heroini, iwe kwenu, gerezani au hospitali, mwili wake umepoteza mazoea ya dozi ya zamani. Akirudia kiwango kilekile, kinaweza kumzimisha pumzi. Kwa hiyo siku ya kuruhusiwa ni siku ya hatari, na mazungumzo juu ya hatari hiyo yaandikwe kwenye faili kama sehemu ya tiba. Wapo wanasihi wanaoogopa kwamba kuyazungumza ni kumpa mteja ruhusa. Si ruhusa. Ni sawa na kumwonyesha mgeni mahali mto ulipo na kina.

Kila mtumishi azijue dalili tatu: mboni za macho zilizosinyaa kama ncha ya sindano, kutoamka hata akitikiswa, na pumzi chache au zinazokoroma. Hatua ni kuita msaada, kufungua njia ya hewa na kumpulizia pumzi, kutoa naloksoni (dawa inayozuia athari za heroini), na kumlaza ubavu akianza kupumua. Asipopata pumzi ndani ya dakika mbili au tatu, dozi ya naloksoni irudiwe. Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu mwaka 2014 kwamba naloksoni iwafikie hata watu wasio wataalamu wa afya walio karibu na waraibu. Makosa huja baadaye: mteja anaamka, anakasirika, anataka kuondoka, na wanamwachia. Naloksoni hufanya kazi kwa dakika 30 hadi 90. Heroini, na zaidi methadoni (dawa ya tiba inayotolewa badala ya heroini), huweza kudumu kuliko hapo, na mtu akazima tena akiwa njiani peke yake.

La tatu ni kujiua. Wafundishe kuuliza kwa maneno yaliyonyooka: “Umekuwa ukifikiria kujiua?” Kuuliza hakupandi wazo. Akikubali, waulize kama ana mpango, kama ana kitu cha kutekelezea, na kama ameshawahi kujaribu. Wasimwache peke yake wakati wanatafuta msaada. Swali hilo la kujiua huonekana rahisi kwenye karatasi, lakini wengi hulikwepa kwa kuuliza “huna mawazo mabaya, sivyo?”, ambalo ni swali linaloomba jibu la hapana. Kila mmoja alitamke lile lililonyooka kwa sauti mbele ya wenzake mpaka midomo izoee.

Yote matatu yafanyiwe zoezi la dakika thelathini kila mwezi, mwaka mzima, bila kutangaza siku.

Dawa za tiba, na imani zinazozizuia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwenye vituo vyenye wanasihi waliopata nafuu bila dawa ndipo madhara makubwa hutokea kwa nia njema kabisa. Methadoni na buprenofini, dawa za kutibu uraibu wa heroini, ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2005. Wateja wengi wa methadoni hutulia kwenye dozi ya miligramu 60 hadi 120 kwa siku. Mnasihi anayeamini kwamba “hiyo ni kubadili kilevi tu” atamshawishi mteja apunguze, au atamsifu kila anaposhuka. Mteja anashuka chini ya dozi inayomtosha, hamu inarudi, anarudia heroini, na mwili haujaizoea tena. Mnyororo huo ni mfupi.

Kwa hiyo mafunzo yaweke mpaka ulio wazi: dozi ni mazungumzo ya mteja na daktari. Kazi ya mnasihi ni kumsaidia mteja kuyaandaa mazungumzo hayo, kuangalia kama anahudhuria, na kutoa taarifa akiona kusinzia kupita kiasi, hasa wiki mbili za kwanza ambapo methadoni hujikusanya mwilini polepole na kifo kinaweza kuja kwa dozi ambayo siku ya kwanza ilionekana ndogo. Mwalike daktari au mfamasia anayetoa dawa hizo aje kwa nusu siku, na umwombe ajibu hoja zote za wanasihi wako bila kuwadharau. Hoja zao zina mizizi kwenye maisha yao. Anayebezwa hukaa kimya darasani, kisha husema lilelile kwa mteja mlango ukifungwa.

Mtaala upi

Kwa sehemu ya darasani, mtaala unaotumika katika nchi nyingi ni Mtaala wa Tiba kwa Wote, UTC, uliotengenezwa chini ya Mpango wa Colombo, shirika la ushirikiano wa nchi za Asia na Pasifiki. Ngazi yake ya msingi ina kozi nane: jinsi dawa zinavyofanya kazi mwilini na kwenye ubongo, mwendelezo wa tiba, magonjwa ya akili na ya mwili yanayoambatana na uraibu, stadi za msingi za unasihi, mapokezi, uchunguzi, tathmini, mpango na kumbukumbu, usimamizi wa kesi, kushughulikia dharura, na maadili. Kituo cha ithibati cha mpango huo hutoa mtihani na hati za wataalamu wa uraibu, ICAP, kwa ngazi tatu. Hati hiyo ni nzuri kwa mnasihi kwa sababu inatambulika hata akihama. Lakini mtihani wa maandishi hupima anachokijua, haupimi anavyoongea. Pima vyote viwili.

Usiwapeleke wote saba kozi zote nane mfululizo. Wapeleke wawili wawili, na kila wanaporudi waendeshe nusu siku kwa waliobaki ndani ya wiki moja. Anza na kozi ya mapokezi na tathmini, kisha stadi za msingi, kisha maadili. Nyingine zifuate kwa nafasi. Wewe kama msimamizi soma viwango vya kimataifa vya tiba ya matatizo ya matumizi ya dawa vilivyotolewa na UNODC, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu, na Shirika la Afya Duniani, toleo la mwaka 2020. Vinaeleza huduma gani inafaa katika mazingira gani, na vitakusaidia kukataa semina za mambo msiyoyafanya.

Stadi moja, ifundishwe mpaka iingie

Kati ya mbinu zote, chagua mahojiano ya motisha iwe ya kwanza na uifundishe kwa miezi sita. Tiba ya fikra na tabia, uzuiaji wa kurudia, na mpango wa kutoa zawadi kwa vipimo visivyoonyesha dawa zote zina ushahidi mzuri. Lakini zote zinamhitaji mteja aliyerudi kikao cha pili, na kinachomrudisha ni namna alivyosikilizwa kikao cha kwanza.

Mteja anasema: “Mimi sina tatizo. Mke wangu ndiye anayekuza mambo.” Mnasihi asiyefunzwa anajibu: “Lakini si umefukuzwa kazi kwa sababu ya pombe?” Ni kweli, na haisaidii, mteja atatumia dakika kumi zinazofuata kumtetea mlevi aliye ndani yake, na kila anavyomtetea ndivyo anavyozidi kumwamini. Anayeanza kujifunza atasema: “Wewe huoni tatizo.” Huko ni kurudisha kwa juu juu, na tayari ni afadhali. Aliyekomaa atasema: “Umechoka kuamuliwa mambo yako na wengine.” Hapo amekisikia kisichosemwa. Mara nyingi mteja hujibu kitu kama: “Ndiyo. Ingawa siwezi kusema hana sababu kabisa.” Sentensi hiyo ya pili ndiyo tunayoitafuta. Mnasihi airudishe hiyo, taratibu, asiirukie kama paka aliyeona panya.

Vipimo vipo. Katika mfumo wa kupima rekodi uitwao MITI, rejesho moja kwa kila swali moja ni kiwango cha kuridhisha, na marejesho mawili kwa kila swali ni kizuri. Kati ya marejesho yote, yanayokwenda ndani yafikie asilimia 40 kwa kuridhisha na 50 kwa uzuri. Ukilinganisha na hesabu yako ya mwezi wa kwanza utaona safari ilivyo ndefu. Zoezi linaloipunguza ni la dakika kumi, mara mbili kwa wiki: wawili wakae, mmoja aeleze jambo dogo linalomsumbua kweli, na mwingine amsikilize bila kuuliza swali hata moja. Dakika tatu za mwanzo huwa za mateso. Kwenye wiki ya nne au ya tano watu huanza kugundua kwamba swali mara nyingi lilikuwa njia yao ya kuukimbia ukimya.

Fomu na vipimo vya uchunguzi

AUDIT, fomu ya kupima unywaji wa pombe, ina maswali kumi na alama 0 hadi 40. Kuanzia 8 unywaji una madhara au hatari, na 20 na zaidi hutaka tathmini ya utegemezi. ASSIST ina maswali manane na hupima kila kilevi peke yake: kwa vilevi vingi alama 4 hadi 26 ni hatari ya wastani na 27 kwenda juu ni kubwa, kwa pombe, wastani huanzia 11. Haya mnaweza kuyafundisha kwa siku moja. Kinachoharibu matokeo ni usomaji. Maswali yakisomwa kwa sauti ya polisi, majibu huwa ya mtuhumiwa.

Kosa jingine ni kuhesabu chupa badala ya pombe. Kipimo kimoja katika mwongozo wa AUDIT ni gramu 10 za pombe halisi. Wafundishe hesabu: mililita, mara asilimia ya kilevi, mara 0.79. Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu karibu 20, yaani vipimo viwili. Mteja anayesema “bia tatu tu” amekunywa vipimo sita. Pombe isiyo na lebo haina asilimia inayojulikana, basi andika ujazo na aina yake, usibuni namba.

Kwenye mpango wa tiba, piga marufuku malengo kama “kuboresha maisha” na “kuacha kabisa”. Lengo liseme nani atafanya nini, lini, na litaonekana vipi: “Hadi tarehe 15 mteja atakuwa amehudhuria kliniki ya kifua mara moja, na mnasihi atampigia siku moja kabla.” Mteja aliseme kwa maneno yake, aweke sahihi, na lipitiwe kila baada ya siku 30. Mteja akirudia matumizi, mpango ndio unaobadilishwa. Kujikwaa si kuanguka, wahenga walisema, na mwanasaikolojia Alan Marlatt alieleza upande wake wa kitabibu: anayeteleza mara moja kisha akajihukumu kuwa ameshaharibu kila kitu huwa karibu zaidi na kurudia kikamilifu. Kituo kinachomfukuza mtu siku aliyoteleza kinaithibitisha hukumu hiyo kwa niaba yake.

Wanasihi waliopitia uraibu

Watatu hawa ni hazina, na ndio wanaoachwa bila ulinzi. Wanaaminiwa na mteja ndani ya dakika tano. Hatari yao ni mbili: kudhani njia iliyowaokoa ndiyo njia, na kuchoka bila kusema. Kwa la kwanza, wafundishe kanuni ya kujieleza. Kabla ya kusimulia jambo lake, mnasihi ajiulize: linamsaidia nani sasa hivi? Likisimuliwa, lisizidi sentensi tatu, na lifuatwe na swali linalomrudisha mteja katikati. Kwa la pili, andikeni mapema, kabla ya tukio, kituo kitafanya nini mtumishi akirudia matumizi: nani ajulishwe, ataondolewa vipi kwenye wateja, ataunganishwa na tiba wapi nje ya kituo, na njia ya kurudi kazini ikoje. Sera hiyo isipokuwapo, mtu huficha, na kuficha ndiko kunakogeuza kuteleza kuwa janga.

Mnasihi asiwe na mteja aliyewahi kutumia naye dawa. Asikopeshane na mteja, asimpe kazi nyumbani kwake, na uhusiano wa kimapenzi na mteja usiwe na nafasi hata baada ya tiba kwisha. Mambo haya yafundishwe kwa mikasa inayoumiza kichwa, kwa mfano mteja ambaye ni shemeji yako na kituo kingine hakipo karibu. Orodha ya makatazo peke yake kila mtu huikubali kwa kichwa.

Lugha nayo ni mafunzo. Kati ya “mteja” na “teja” kuna silabi moja tu, na wanaosikilizwa wanaisikia. Mwaka 2010 watafiti John Kelly na Cassandra Westerhoff walionyesha kwamba hata wataalamu waliosomea afya ya akili, wakipewa kisa kilekile lakini mtu akaitwa kwa jina linalomhukumu, walielekea zaidi kuona kwamba ana makosa na anastahili adhabu. Anzeni na mafaili: neno “mchafu” kwa kipimo cha mkojo liondoke, liandikwe “kipimo kimeonyesha dawa fulani”.

Usimamizi wa kitaalamu

Kila mnasihi apate saa moja kwa wiki kwa mtu mmoja, au kwa uchache kila wiki mbili pamoja na saa moja na nusu ya kikundi. Iwe saa iliyolindwa. Ikifutwa mara mbili mfululizo, hesabu kwamba haipo. Anayesimamia kitaalamu asiwe yuleyule anayeamua mishahara na likizo, kama inawezekana. Mnasihi hataleta rekodi yake mbaya kwa mtu anayeshika ajira yake, na rekodi mbaya ndiyo yenye kufundisha.

Kikao chenyewe: dakika tano za usalama wa wateja walio hatarini, dakika ishirini na tano za kusikiliza kipande cha rekodi alichokichagua mnasihi mwenyewe, dakika ishirini za kujaribu upya sentensi tatu alizotamani kuzisema tofauti, na dakika kumi za kumwuliza yeye anaendeleaje: usingizi, hasira, mteja anayemfuata mpaka ndotoni. Kosa la wasimamizi wapya ni kumnasihi mnasihi au kuzungumzia kesi kwa mdomo tu. Kesi ikisimuliwa, unasikia kumbukumbu ya msimuliaji. Sikiliza sauti.

Mwisho wa mwaka

Usipime kwa idadi ya vyeti wala kwa idadi ya “waliopona”. Ya pili inategemea mambo mengi kuliko kituo chako, na ukiifanya kipimo watu watazipika namba. Angalia wateja wangapi kati ya mia walirudi kikao cha pili, wangapi bado wako kwenye huduma baada ya siku 90, mafaili mangapi kati ya kumi yana mpango unaofanana na tathmini, na kama wote waliulizwa juu ya kujiua na juu ya arosto siku ya mapokezi. Linganisha na namba za mwezi wa kwanza. Ukiona wanasihi wamepanda kwenye rekodi lakini wateja hawarudi, chunguza saa za kliniki, nauli na foleni kabla ya kuwalaumu.

Kwa rekodi, chukua zile za mwezi wa kwanza na za mwezi wa kumi na mbili, moja ya mwanzo na moja ya mwisho kwa kila mnasihi, ziwe 14. Ondoa tarehe na majina, zichanganye, na umpe mtu wa nje azihesabu bila kujua zipi ni za mwanzo na zipi ni za mwisho. Kwa hiyo fomu ya ridhaa unayoiandika wiki hii imtaje msikilizaji huyo wa nje, na useme ndani yake kwamba rekodi itatunzwa kwa miezi kumi na minne, ikiwa imefungiwa, ndipo ifutwe.